Dhiki, Sonona na Mdororo: Kuhusu Kuyataja Masaibu ya Mfugaji wa Leparua

Mwaka 1990 mwandishi Mmarekani William Styron alichapisha kitabu kifupi, Darkness Visible, kinachosimulia jinsi maradhi ya nafsi yalivyokaribia kumwangamiza. Mbali na mateso yenyewe, kitabu hicho kina lalamiko la kilugha ambalo mhakiki wa fasihi hawezi kulipita bila kulitazama. Styron aliliona neno la Kiingereza 'depression' kuwa hafifu mno likilinganishwa na kitu linachokitaja. Aibu ya neno hilo, kwa maoni yake, ni kwamba hutumiwa bila kubagua kwa kushuka kwa uchumi na hata kwa ufuo uliochimbwa ardhini na magurudumu. Yeye alilipendelea neno la kale la Kiyunani, lile lililotokana na nyongo nyeusi, na lawama akamtupia daktari Adolf Meyer, mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Johns Hopkins, kwa kulieneza neno jipya mwanzoni mwa karne ya 20 bila kuwa na sikio la lugha.

Lalamiko hilo lina uzito wake. Hata hivyo, husikika kwa namna nyingine kabisa likipelekwa mahali ambapo maana zote za neno hilo hukutana katika maisha ya mtu mmoja. Leparua, katika Kaunti ya Isiolo nchini Kenya, ni mahali pa namna hiyo. Ni nchi kame inayopakana na Lewa, na wakazi wake, wakiwamo wasemaji wa Kimaa na Kiturkana, huishi zaidi kwa mifugo. Maji yake ya msimu huelekea bonde la mto Ewaso Nyiro, na mto huo nao huishia mashariki katika kinamasi cha Lorian, ambako ardhi imebonyea na maji hutandaa yasipate pa kwenda. Mwanajiografia hukiita kishimo kama hicho kwa neno lilelile alilolichukia Styron. Mtaalamu wa hali ya hewa naye hulitumia kwa eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, ambako hewa hupanda, hupoa, na mvua hunyesha. Kwa mfugaji, basi, maana mbili kati ya nne ni neema. Mbonyeo wa ardhi ni mahali pa kukimbilia wakati wa kiangazi. Mshuko wa hewa ni mvua ya Machi na mvua ya Oktoba. Zinazobaki ni mbili: mshuko wa uchumi na mshuko wa nafsi. Hizi ndizo zenye utata, na ndizo makala haya yanazozishughulikia.

Kiswahili hakikurithi mkanganyiko huo. Kilipohitaji istilahi za taaluma za kisasa, kiligawa mambo. Uchumi ulipewa mdororo, na afya ya akili ikapewa sonona, ingawa katika mazungumzo ya kila siku wengi husema msongo wa mawazo, huzuni au unyong'onyevu. Mgawanyo huu unaonekana kuwa ushindi. Styron angeupenda. Ila swali la kimaadili huanzia hapohapo: je, pale ambapo maumivu ya mtu yametokana na chanzo kimoja, lugha inayoyagawa katika ofisi mbili humtendea haki mwenye maumivu? Na je, neno linalomtaja aliyeanguka bila kumtaja aliyesukuma ni neno tu, au ni hukumu?

Maumbo ya maneno yenyewe yana la kusema. Asili ya neno la Kiingereza ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukandamiza, yaani kusukuma kitu kiende chini. Kitenzi hicho kina mtenda: hakuna kilichokandamizwa pasipo kikandamizi. Neno lilipoingia katika vitabu vya uchumi na vya tiba mtenda huyo alipotea, ikabaki hali tu. Katika Kiswahili hata kivuli chake hakipo. Kudorora ni kitenzi kisichohitaji mtendwa; uchumi hudorora kama mmea unavyozorota. Sonona hapo awali ilikuwa kitenzi cha kuuma na kutia maumivu (shina hilohilo limetupa jina la ugonjwa wa kisonono), na kusononeka ni kuumia moyoni. Nomino ya kisasa ya kitabibu imebaki na maumivu, lakini kile kinachouma kimeachwa nje. Ni msongo peke yake unaohifadhi mkono wa mtenda, kwa kuwa kusonga ni kubana na kukaza. Pengine ndiyo maana watu wa kawaida wamelishikilia neno hilo ijapokuwa wataalamu hawalipendi.

Tuanze na sonona. Chombo kinachotumiwa sana duniani kuipima ni hojaji ya maswali tisa, PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili. Humwuliza mtu juu ya majuma mawili yaliyopita: je, amekosa hamu ya mambo, amekosa usingizi, amechoka, amekula kidogo mno au kupita kiasi, ameshindwa kutuliza mawazo? Kila jibu hupata alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla huweza kufika 27. Hojaji hiyo ni nzuri kwa kazi iliyotungiwa, na imewasaidia watu wengi ambao wangepita bila kuonwa. Sasa afikiriwe mfugaji wa Leparua mwishoni mwa mwaka 2022. Ukame ulioanza na kukosekana kwa mvua za Oktoba 2020 umeshameza misimu mitano mfululizo. Serikali ilishautangaza kuwa janga la taifa Septemba 2021, na kabla haujaisha mifugo zaidi ya milioni 2.4 itakuwa imekufa nchini. Mtu huyo hali vizuri kwa sababu hakuna chakula. Halali kwa sababu huamka usiku kuwainua ng'ombe wasioweza kusimama wenyewe. Amechoka kwa sababu kisima kiko mbali. Akijibu kwa uaminifu atajikusanyia alama nyingi, na hakuna nafasi katika karatasi hiyo ya kutenga alama ya njaa na alama ya nafsi. Hakudanganya, na hojaji haikukosea hesabu. Kilichokosekana ni swali la kumi: ni nini kimekupata?

Si kwamba elimu ya tiba haikuwahi kulifikiria swali hilo. Mwongozo wa Wamarekani wa kuainisha maradhi ya akili, katika toleo lake la mwaka 1980 na lile lililofuata mwaka 1994, uliweka msamaha: aliyefiwa karibuni hakuhesabiwa kuwa mgonjwa kwa sababu tu ya dalili za huzuni, kwani huzuni ya msiba ni ya kawaida. Msamaha huo uliondolewa katika toleo la 2013, na mjadala ulikuwa mkali. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Allan Horwitz na Jerome Wakefield walikuwa wameshadai katika The Loss of Sadness kwamba tiba imeigeuza huzuni yenye sababu kuwa ugonjwa usio na sababu. Jambo moja linastahili kuangaliwa hapa. Hata msamaha huo ulipokuwapo, ulihusu kufiwa na binadamu tu. Aliyepoteza kundi la ng'ombe hakuwa na msiba mbele ya mwongozo huo. Lakini kundi la mfugaji ni mahari, ni undugu, ni deni na heshima. Ng'ombe fulani ni yule aliyetolewa na mjomba, na mwingine amekwisha kuahidiwa rafiki. Kundi likiisha, mahusiano hayo yote hubaki hewani. Waliotunga msamaha walijua kifo ni nini, ila walikijua kwa mujibu wa nyumba zao.

Hapa pana hatari ya kuteleza, na inafaa kuikwepa mapema. Mtu anaweza kutoka katika hoja hii akisema kwamba sonona ni neno la kigeni, kwamba mfugaji haumwi bali ana njaa tu, na kwamba dawa yake ni mvua. Msimamo huo ni ukatili uliovaa joho la utetezi. Neno la ugonjwa hutoa ulinzi ambao maneno mengine hayatoi. Mfano wa wazi ni Kifungu cha 226 cha Sheria ya Jinai ya Kenya, ambacho tangu enzi za ukoloni kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayestahili kifungo cha hadi miaka miwili. Kikosi kazi cha afya ya akili kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa, na mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungo hicho kinakiuka Katiba. Kwa miongo mingi, basi, mtu yuleyule aliweza kuitwa mgonjwa na daktari na kuitwa mkosaji na polisi, na jina lililomfikia kwanza ndilo lililoamua analala wapi. Asiyejali majina afikirie hilo.

Mdororo nao una historia yake ya kuchagua nani ahesabiwe. Wamarekani waliita misukosuko ya fedha ya 1873 na 1907 kwa neno la hofu; ule ulioanza 1929 ukapewa neno la mshuko, ambalo halitishi. Ulipofika katika koloni la Kenya, bei ya mahindi ilianguka na walowezi wakakabwa na madeni. Serikali iliwaanzishia Benki ya Ardhi mwaka 1931. Huo ndio mdororo unaosimuliwa vitabuni. Kwa wafugaji wa kaskazini hadithi ilikuwa nyingine. Mifugo yao ilizuiliwa na karantini za muda mrefu ambazo, pamoja na kuhofia magonjwa, ziliyalinda masoko ya walowezi. Uchumi ambao haukuruhusiwa kupanda hauwezi kuandikwa kuwa umeshuka. Mdororo huhitaji kilele cha kupimia, na kilele huhitaji daftari.

Uhuru haukulileta daftari hilo upesi. Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965, uliofafanua ujamaa wa Kiafrika kwa mtazamo wa serikali ya Kenya, ulielekeza fedha za maendeleo ziende pale zitakapozaa faida kubwa zaidi, yaani maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Mantiki yake ya kiuchumi inaeleweka. Tokeo lake kwa maana za maneno halijajadiliwa vya kutosha: upande mmoja wa nchi uliweza kudorora, na upande wa pili ukawa ukame tu, kana kwamba umaskini wake ni sehemu ya tabianchi.

Amartya Sen alilivunja wazo hilo mwaka 1981 katika Poverty and Famines. Alionyesha, kwa kuwatazama pia wafugaji wa Ethiopia, kwamba mfugaji haangamizwi na kufa kwa mifugo peke yake. Huangamizwa na uwiano wa bei. Mfugaji huuza mnyama ili anunue nafaka, kwa kuwa nafaka humpa chakula kingi zaidi kwa fedha ileile. Ukame ukija, wote huuza kwa pamoja, wanyama wamekonda, bei yao huporomoka, na bei ya mahindi hupanda. Mbuzi aliyekuwa akinunua magunia hununua debe. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hufuatilia uwiano huo katika taarifa zake za kila mwezi za kaunti, Isiolo ikiwamo. Huo ni mdororo kamili, wenye mnunuzi na muuzaji, na wenye anayefaidika. Lakini katika magazeti huitwa ukame, na ukame hauna wa kushtakiwa.

Si mbali na Leparua, katika kaunti hiyohiyo, Waborana wa Waso wana jina linalokataa mgawanyo wote huu. Miaka ya vita vya shifta, 1963 hadi 1967, na yaliyofuata, huiita Gaafa Dhaabaa, yaani kipindi cha kusimama. Watu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, Garba Tulla, Merti na Modogashe miongoni mwake. Mifugo iliyofungiwa karibu na kambi ilikufa au ilipigwa risasi, na ngamia wakakaribia kwisha. Jina hilo si la uchumi wala si la tiba. Linasema kwamba mwendo ulikoma: mwendo wa ng'ombe, wa ndoa, wa miaka yenyewe. Aidha, lina mtenda ndani yake, kwa sababu katika Kioromo shina hilo ni la kusimamisha pia. Kitu kilichosimama hapa kilisimamishwa, na kila msikilizaji anamjua aliyesimamisha.

Je, Kiswahili kina neno la namna hiyo? Kinalo, na liko karibu mno hata halionekani: dhiki. Katika Kiarabu chake cha asili ni wembamba, hali ya mahali pasipotosha. Kiswahili kimeitumia kwa mfuko na kwa moyo bila kuona haya. Mwenye dhiki ni fukara, na mwenye dhiki ni mwenye majonzi, na mara nyingi msikilizaji haulizi ni ipi. Kinyume chake, faraja, kwa asili ni kufunguka. Baada ya dhiki faraja, husema wahenga, na methali hiyo huzungumzia nafasi: kilichobanwa kimeachiliwa. Kinachomfanya Styron alalamike, kwamba neno moja linachukua uchumi na nafsi, ndicho kinacholipa neno hili nguvu. Tofauti iko katika taswira. Kiingereza huwaza juu na chini, na aliyeko chini huonekana ameshindwa kubaki juu. Kiswahili huwaza wembamba na upana, na wembamba humwelekeza mtu kuuliza ukuta umejengwa wapi.

Fasihi ya Kiswahili ilishaitumia taswira hii kabla ya istilahi zozote. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe huku akiutembeza katika magofu ya Pate, mji ambao biashara yake ilikwisha na majumba yake yakabaki makao ya wadudu na ndege. Wahakiki wengi wameusoma kama waadhi wa kidini juu ya upitaji wa dunia, nao hawajakosea. Hata hivyo, ni vigumu kupata utungo unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba kuanguka kwa mji na uzito wa moyo ni jambo moja linalotazamwa kwa pande mbili. Anayetaka kuutenga mdororo wa Pate na sonona ya mshairi atabaki na vipande viwili visivyo na uhai.

Kwa Leparua, dhiki ni neno la kupimia ardhi kabla ya kuwa neno la kupimia nafsi. Mfugaji wa nchi kame huishi kwa upana. Mvua ikikosekana hapa, yafaa awe na pa kuhamia. Historia ya eneo hilo inaweza kusomwa kama historia ya kupunguzwa kwa upana huo: mikataba ya 1904 na 1911 iliyofuatwa na kuondolewa kwa Wamaasai kutoka Laikipia, uhamisho uliokamilika 1913, sheria ya 1902 na ile ya 1934 zilizozifunga wilaya za kaskazini na kudhibiti mienendo ya watu, mashamba makubwa ya walowezi, kisha hifadhi. Lewa, iliyokuwa shamba la mifugo tangu miaka ya 1920, ilipata patakatifu pa vifaru mwaka 1983 na kuwa hifadhi mwaka 1995, na Leparua yenyewe baadaye ikaingia katika mpango wa hifadhi za jamii. Wapo wanaoona humo ajira, shule na ulinzi wa malisho, na wapo wanaoona ua mwingine. Makala haya hayaamui shauri hilo. Yanasema tu kwamba neno mdororo haliwezi hata kuliuliza, na neno sonona haliwezi kabisa.

Lakini dhiki nayo ina upofu wake, na mhakiki mwaminifu hana budi kuusema. Kwa kuwa huhitaji ukuta, haimwoni mtu anayeteseka pasipo ukuta unaoonekana. Mwenye ng'ombe mia ambaye hataki kuamka asubuhi, mama aliyejifungua salama akabaki analia, hao huambiwa wamshukuru Mungu kwa alichowapa. Kazimoto katika Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi (1974) ni msomi mwenye njia iliyo wazi mbele yake. Anayoikabili ni dunia isiyo na maana, na mwisho wake ni kujiua. Wahakiki waliojaribu kumweleza kwa ubepari na ukoloni pekee walipata sehemu ya ukweli na kumpoteza Kazimoto. Kwa mtu kama huyo, sonona, neno baridi la kliniki, ndilo lenye huruma zaidi, kwa sababu halimdai sababu kabla ya kumkubali kwamba anaumia.

Basi suala si kuchagua neno moja na kuyafuta mengine. Ni kujua kila neno linamwachilia nani. Sonona humwachilia mgonjwa lawama, na kwa kufanya hivyo huweza kuwaachilia pia waliombana. Mdororo huwaachilia wote, kwani uchumi umedorora wenyewe. Dhiki hushika mtenda, na huweza kumwacha asiye na mtenda peke yake gizani. Mhudumu wa afya anayekaa na mtu chini ya mti huko Leparua akiwa na hojaji mkononi anachagua kati ya maachilio hayo, ajue asijue. Mhakiki anayeandika juu ya huzuni ya mhusika naye hufanya vivyo hivyo.

Mvua zilirudi Machi 2023, na mwishoni mwa mwaka huohuo zikazidi hata zikaleta mafuriko. Katika lugha ya taarifa za ukame, awamu inayofuata dharura huitwa kupata nafuu. Hojaji huuliza juu ya majuma mawili, na taarifa ya kaunti hutoka kila mwezi. Mtamba aliyezaliwa Leparua katika majani ya mvua zile hutimiza miaka mitatu, na pengine minne, kabla ya kuzaa ndama wake wa kwanza, na aliyeahidiwa ndama huyo ni mtu aliyeahidiwa kabla ya ukame kuanza.